Neno la Mama Siki

Pale kliniki ya wanawake hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wote alikuwa Mama Siki, na ukipita koridoni asubuhi usingehitaji kuuliza kwa nini. Harufu ya siki ilimtangulia kazini na kumsindikiza nyumbani. Majirani walimtania kwamba akikaa karibu na tango, tango linageuka achari. Naye hakukasirika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni na mkono mwepesi, na hivyo viwili ndivyo vilivyojaza watu kwenye benchi lake.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho, kinatazamana na stoo. Kulikuwa na kitanda chenye ngozi iliyochanika na kubandikwa plasta, taa ya shingo ndefu, pazia lililopoteza kulabu zake, na meza yenye bakuli la pamba na chupa ya siki iliyozimuliwa. Humo ndimo alimopimia saratani ya mlango wa kizazi, au tuseme kile kinachoitangulia. Maana saratani hii haiji kwa kishindo. Inakaa miaka ikiibadilisha ngozi kidogo kidogo, na ukiikuta hapo unaiunguza, mwanamke anavaa viatu vyake na kwenda zake. Kipimo chenyewe ni chepesi hata mtu hucheka: unaupaka mlango wa kizazi siki, unasubiri kidogo, unamulika. Ngozi nzima inabaki na rangi yake. Iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe. Basi, umemaliza, na jibu anaondoka nalo siku hiyo hiyo.

"Shuka chini, mama," angesema. "Shuka tena. Kaa kama mtu anayetaka kuanguka lakini hataki. Na hayo magoti mbona yanagombana? Yaachanishe, yatapatana nyumbani."

Mwanamke akicheka, mwili unalegea, na mwili ukilegea kazi inakwenda. Kisha akimaliza, na akiwa hakuona cheupe, Mama Siki alikuwa na desturi yake ambayo hakufundishwa na chuo chochote: aligeuza shingo kuelekea pazia akapaza sauti, "Safi!" Na benchi zima huko nje likajibu kwa vigelegele. Wanawake walikuja kwa ajili ya neno hilo. Wengine walitoka mbali, wakaacha zahanati tatu njiani, wapate kusikia Mama Siki akiwaita safi mbele za watu.

Sasa, kila kipimo kina pembe yake isiyoona, na ya siki Mama Siki aliijua vizuri. Kuna mstari ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inakutana na ngozi ya ndani, na ubaya huanzia kwenye mstari huo. Kwa mwanamke anayeona hedhi, mstari uko nje, unauona. Akishakoma hedhi, mstari unapanda polepole na kujificha ndani, mahali ambapo taa haifiki. Hapo kanuni ni moja: usiseme safi. Sema sijaona, umpeleke hospitali kubwa akapimwe kwa njia nyingine. Mama Siki alikuwa akiwapeleka. Lakini "sijaona" halina vigelegele, na wanawake wa umri huo walikuwa wakishuka kitandani wamenuna, kama watu walionyimwa haki yao.

Dada yake alikuwa dobi. Mama yao aliwazaa wawili tu, na alifariki huyu mkubwa akiwa bado na sare ya shule. Sare akaivua, akaanza kufua sare za wenzake. Alifua na kupiga pasi mpaka mdogo wake akamaliza shule, akamaliza chuo cha uuguzi, akavishwa kofia. Mume aliwahi kumpata, mrefu mwenye maneno matamu. Alikwenda kutafuta maisha, na inavyosemekana aliyapata huko huko. Alimwachia binti mmoja, ambaye sasa ni mtu mzima, anauza vifaa vya umeme upande wa pili wa mji.

Chumba cha mbele cha dobi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za pasi, na waya kutoka ukuta hadi ukuta ulioning'iniza mashati ya walimu na majoho ya kwaya. Alikuwa na mtindo wake. Nguo ikiletwa, kabla ya kuilowesha, aliigeuza ndani nje. "Usoni kila mtu anajipamba," alikuwa akisema. "Doa linakaa tumboni." Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo ya dobi yule.

Utotoni, mdogo mtu alipokuwa bado hafiki mezani vizuri, alipanda kigoda akajaribu kupiga pasi shati la mwalimu mkuu. Akaliunguza mgongoni, alama ya pasi nzima, ungedhani imechorwa. Mwalimu mkuu alipokuja, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kabla hajamaliza kuuliza nani, mkubwa akasema, "Ni mimi." Akazabwa kibao mbele ya wateja, na muhula mzima akamfulia mwalimu bure. Jioni ile mdogo alilia kuliko aliyepigwa. Dada mtu akamwambia, "Nyamaza. Mimi mkubwa, mgongo wangu mpana."

Basi mdogo akakua, akawa Mama Siki. Na siku dada yake alipokuja kliniki kupimwa, hedhi ilikuwa imeshamkoma kitambo.

Alikuja kwa kusukumwa. "Mimi nilikuogesha wewe," alilalamika akiwa anapanda kitanda, kanga ameibana kwa mikono miwili. "Leo ndiyo unichungulie? Dunia imekwisha."

"Dunia haijaisha, imegeuka tu. Shuka chini, dada."

"Nimeshuka."

"Hujashuka. Unaning'inia."

Walicheka wote wawili, kicheko cha aibu. Na ile aibu ndiyo iliyofanya kazi siku hiyo, si mkono wa Mama Siki. Kwa mgeni angesogeza taa, angeinama, angeutafuta mstari mpaka auone au akiri hauonekani. Kwa dada yake aliona haya kukodoa macho. Alipaka, akasubiri, akatupa jicho. Hakuna cheupe. Mstari hakuuona. Moyoni alijua kwamba hakuuona, kama unavyojua umeacha dirisha wazi lakini umeshafika kituoni. Akafikiri: huyu mtu mzima wa heshima zake, mume mmoja, maisha yote yuko kwenye beseni, ana nini? Tena benchi lilikuwa likisikiliza, na wote walijua aliyeko ndani ni nani.

"Safi!" akapaza sauti. "Dada yangu safi!"

Vigelegele vya siku hiyo vilisikika hadi getini. Dobi alitoka akitembea kwa maringo, akiwaaga wote kwa mkono. Mama Siki alimtazama akienda, akajisikia amelipa deni ambalo halilipiki.

Ikapita miaka miwili. Ndipo hospitali kubwa ikamleta daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, aje kulinganisha vipimo. Kila mwanamke atakayekubali angepimwa kwa njia tatu kwa mara moja, kisha wangetazama njia ipi inaona nini. Ya kwanza siki. Ya pili kipimo cha Pap: unakwangua chembe kwa brashi, unazipaka kwenye kioo, kioo kinakwenda maabara kusomwa kwa darubini. Ya tatu kijiti chenye pamba, cha kutafuta kirusi kinacholeta saratani hiyo. Kijiti hicho hata mwanamke mwenyewe anaweza kujiingizia nyuma ya pazia.

Mama Siki alinuna wiki nzima.

"Kijiti kinajua nini?" alimwambia daktari. "Kirusi wanacho wanawake wengi, kinaingia kinatoka kama mafua. Utawatia watu hofu ya bure."

"Ni kweli," daktari akasema. "Kwa vijana hasa. Kijiti hakisemi una saratani, kinasema tu tukuangalie vizuri. Na Pap inataka msomaji hodari, na majibu yanachelewa. Siki inatoa jibu papo hapo, ila inategemea jicho. Ndiyo maana tunalinganisha, dada. Sijaja kukunyang'anya kazi."

"Jicho langu halijalalamikiwa na mtu."

"Sijasema limelalamikiwa."

Wanawake walisita kupimwa mara tatu. Wakanong'ona kwamba labda wanajaribiwa dawa. Mama Siki, pamoja na kununa kwake, hakutaka benchi lake liaibike mbele ya mgeni. Akamfuata dada yake kwenye pasi. "Njoo uwatoe hofu," akamwambia. "Wakikuona wewe umekaa, watakaa." Na kulikuwa na jingine ambalo hakulisema: alitaka mtu anayemwamini kwamba ni mzima, vipimo vyote vitatu vilingane, daktari aone kwamba jicho la Mama Siki halina mchezo.

Dobi alikuwa amekonda kidogo. Mama Siki aliliona hilo, akasema, "Umependeza, dada, kitambi kimekwenda wapi?" Dobi akajibu, "Kimehamia kwako." Wakacheka.

Akapimwa. Siki: hakuna cheupe. Daktari alikuwa amesimama kando akauliza kwa sauti ya chini, "Mstari umeonekana wote?"

"Huyu namjua," Mama Siki akasema. "Ni dada yangu."

Daktari alimtazama, akaandika.

Kioo cha Pap kilirudi na maneno kwamba chembe hazikutosha, hakisomeki. Hiyo hutokea kwa wanawake wa umri ule. Kule ndani ni pakavu, brashi inatoka mikono mitupu. Siki ilikuwa imeshasema safi. Kilichobaki ni kile kijiti kilichodharauliwa, na kijiti kikasema kirusi kipo, tena cha ile aina mbaya. Daktari akamwita hospitali kubwa, akakwangua ndani kabisa kwa chombo kingine. Jibu lilipokuja alimpigia Mama Siki kwanza, akamwomba akae chini.

Haikuwa tena kile kinachoitangulia saratani. Ilikuwa saratani yenyewe, imeota ndani, juu ya pale taa inapofika, na ilikuwa imeshatoka nje ya mipaka yake.

Mama Siki alikwenda kumwambia mwenyewe. Alimkuta dada yake anapiga pasi joho la kwaya. Aliyasema yote aliyofundishwa kusema, kwa utaratibu. Dobi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani.

"Basi ndiyo yale madoa," akasema.

"Madoa gani?"

"Madoa ya damu. Mwaka sasa, au umezidi. Mara tone, mara zaidi ya tone."

"Dada! Mtu aliyekoma hedhi haoni damu! Hata tone! Kwa nini hukuniambia? Mbona binti yako hakuona?"

"Angeona wapi? Hata akija, nguo za nyumba hii nafua mimi." Akaketi kwenye kigoda. "Nilitaka kukuuliza. Zaidi ya mara moja nimekuja mpaka kwako na swali mdomoni. Nikasema, mdogo wangu kanipima, kaniita safi mbele ya watu wote wale. Sasa nikimwendea na madoa, si nitakuwa namwambia hajui kazi yake? Mimi niliyemsomesha? Nikasema ni uzee tu, mwili una mambo yake."

Mama Siki alipiga magoti pale pale, kichwa akakilaza kwenye mapaja ya dada yake, kwenye harufu ya sabuni na nguo ya moto. Alitaka kusema sikuuona mstari. Yalimtoka vipande vipande: sikuona, dada, ile siku, niliona haya, sikuutafuta, nikasema tu. Sijui kama duniani kuna uchungu unaoupita huo, wa kumuua mtu kwa kumheshimu, naye akafa kwa kukuheshimu.

Dobi alimpapasa kichwa. Mkono wake ulisimama mara moja, ukabaki hewani, kisha ukaendelea.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Daktari anashuku. Hakuna mwingine."

"Basi sikiliza. Tutasema ugonjwa ulinipata baada ya ile safi yako, nami nikachelewa mwenyewe. Nilikuwa naona damu, nikaficha, nikawa mkaidi. Wakikuuliza, sema dada yangu hasikii la mtu."

"Siwezi."

"Utaweza. Lile benchi lako, wakisikia Mama Siki alimpima dada yake akakosea, nani atapanda kitanda chako tena? Watakaa nyumbani wakiwa na vyeupe vyao, wafe. Na binti yangu akijua, atakuchukia, na akikuchukia atabaki na nani nikiondoka?" Akamwinua uso kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akimfanyia zamani kumfuta makamasi. "Ni kama lile shati. Mgongo wangu mpana."

Walimpeleka kwenye mionzi. Safari za kwenda na kurudi, foleni za wagonjwa wenye mabegi ya plastiki, mwili unaoungua kwa ndani. Mama Siki alimfulia shuka kwa mikono yake, na alikuwa mfuaji mbovu, dobi kutoka kitandani alikuwa akimwelekeza, "Maji baridi kwanza kwa damu, wewe, ya moto yanaigandisha. Ulifaulu vipi chuoni?" Alitania mpaka sauti ilipoishia. Figo zikachoka. Miguu ikavimba.

Binti yake alikuja kila baada ya kufunga duka, na alikuja na hasira. Alikuwa binti wa maneno machache, anayependa waya wa bluu uende kwa wa bluu. Hili lilikataa kuungana.

"Mwaka mzima, mama," alisema siku moja akiwa amesimama miguuni mwa kitanda, na Mama Siki yuko pembeni anakamua kitambaa. "Mwaka mzima unaona damu. Ndugu yako wa tumbo moja anapima ugonjwa huu huu kila siku ya Mungu. Ungemwambia tu! Neno moja! Mficha maradhi kifo humuumbua, si ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe?"

Mama Siki alifungua mdomo. Dada yake alimtazama, jicho lile lile la siku ya mwalimu mkuu. Akaufunga.

"Nilikuwa mjinga, mwanangu," dobi akasema. "Nisamehe."

Binti aligeuka akatoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Dobi alizikwa siku ya mawingu. Msibani, wanawake wa benchi walijaa. Walimshika Mama Siki mabega, wakamwambia pole, wakamwambia asijilaumu, kwamba kuna watu hata ukiwa nesi wao wa damu hawakusikii. "Laiti angekusikiliza," walisema, mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja akaongeza kwamba kifo chake kiwe funzo kwa wakaidi wote. Mama Siki alipokea pole hizo zote kwa mikono miwili, na kila moja ilimchoma kuliko matusi. Mganga hajigangi, watu wakasema walipomwona anashindwa kusimama.

Baada ya miezi, daktari mwenye miwani alirudi na matokeo ya ulinganisho. Aliyasoma kwa wauguzi wote, taratibu, bila kumkandamiza mtu. Kijiti kilikuwa kimewanasa karibu wote waliokuwa na ugonjwa, ingawa kiliwashtua na wengine wasio nao. Pap ilikuwa nzuri pale kioo kiliposomeka. Siki ilikuwa imewaona wengi, ikawaita wengine wagonjwa ilhali walikuwa na uvimbe wa kawaida tu, na ikawapita wengine, hasa waliokoma hedhi. Waliopitwa walikuwa idadi tu ubaoni. Mama Siki aliitazama ile idadi akijua kwamba ndani yake yumo mtu aliyemnunulia viatu vya shule.

Kutoka siku hiyo benchi lake likabadilika. Aliyekoma hedhi alipewa kijiti, hakupandishwa kitandani kwa siki. Wengine aliwapima kama kawaida, akiinama, akisogeza taa mpaka shingo inauma, lakini pazia halikusikia tena ile sauti. "Leo sijaona kibaya," alikuwa akisema polepole, kwa aliyelala peke yake. "Ukiona chochote nyumbani, damu, maji, maumivu, njoo uniambie kwamba nimekosea. Sitachukia. Njoo uniambie nimekosea." Wanawake walishuka wakitazamana. Wakaanza kusema Mama Siki amekuwa mgumu tangu afiwe, na wengine wakahamia zahanati nyingine ambako bado watu huambiwa maneno matamu.

Binti alingoja muda mrefu kabla ya kukifungua chumba cha mbele cha mama yake. Alipoamua kukirudisha kwa mwenye nyumba, alimwita mama yake mdogo wasaidiane. Walikuta vumbi juu ya blanketi la pasi, na kwenye waya nguo chache ambazo wenyewe hawakuzifuata. Mama Siki alizishusha akawa anazikunja. Binti alikuwa akitupa vitu kwenye gunia: vibanio, beseni lililopasuka, kigoda. Alipofika kwenye pasi aliinyanyua, akaipima uzito mkononi, akaitupa nayo.

"Hiyo usitupe," Mama Siki akasema. "Ni ya mama yako."

"Ndiyo maana naitupa." Binti hakugeuka. "Nisamehe, mama mdogo, najua ni dada yako. Lakini mimi siwezi hata kwenda kaburini. Nikifika pale naona hasira tu. Alikuwa na wewe karibu. Wewe! Akachagua kunyamaza. Akachagua kuniacha. Kwa nini hakukusikiliza?"

Mama Siki alikuwa ameshika shati la mtu asiyemjua. Aliliweka chini. Alifikiria benchi lake, na ombi alilopewa akiwa amepiga magoti chumba hiki hiki, na mgongo mpana wa marehemu ambao hata ardhini bado ulikuwa unabeba.

"Alinisikiliza," akasema.

"Nini?"

"Alinisikiliza, mwanangu. Mimi nilimpima. Miaka miwili kabla. Sikuona vizuri na nilijua sijaona vizuri, nikamwambia yuko safi. Akaniamini. Damu ilipoanza aliamini neno langu kuliko mwili wake. Hakuficha kwa ukaidi. Aliogopa kuniaibisha. Haya ya ukaidi aliyabuni yeye, ili wewe usinichukie na benchi lisivunjike, na mimi nikamwacha ayabebe. Mpaka leo nimemwacha ayabebe."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Binti aliketi polepole sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele yake kama mtoto. Mama Siki alisubiri kupigwa, au kutukanwa, au kufukuzwa, na alikuwa tayari kwa chochote kati ya hivyo.

"Aliniomba msamaha," binti akasema.

Mama Siki aliinua uso.

"Pale kitandani. Wewe ulikuwepo. Alisema nisamehe, nami nikatoka nje. Usiku ule aliniomba tena, tukiwa wawili." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kushangaa, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. "Unajua nilimjibu nini, mama mdogo? Nilimwambia nitafikiria."

Alivuta gunia karibu, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa akitafuta ndani. Akaitoa ile pasi, waya wake ukiburuta vibanio, akaipakata.